Kutoka Stensili hadi Kompyuta ya Nyumbani: Biashara ya Maarifa Mpakani Busia na Tororo

Mtu anayesimama karibu na mpaka wa Busia siku ya soko huona magunia ya mahindi na maharagwe, trei za mayai na mafungu ya dagaa wakavu yakivushwa kwa baiskeli, kwa pikipiki na kwa vichwa vya akina mama. Bidhaa hizo zina uzito unaopimika na ushuru unaojulikana. Lakini ndani ya mfuko wa shati la mwalimu anayevuka siku hiyohiyo kwenda Tororo huenda mkawa na bidhaa nyingine isiyozidi ukubwa wa kidole: flashi iliyobeba maelezo ya sarufi, maswali ya marudio na muhtasari wa fasihi, vyote vimeandikwa usiku nyumbani kwake. Afisa wa forodha haoni kitu, na hata akiiona flashi hiyo hana kipimo cha kuitoza.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi watu wa mpakani walivyoandaa na kuuza maarifa, tangu zama za stensili hadi zama hizi za kompyuta ya nyumbani. Nia yangu si kuisifu mashine. Ninataka kuonyesha kwamba kila mara mashine mpya ilipopunguza gharama ya kunakili, maswali mawili yalizidi kuwa magumu: nani alipwe, na nani ajibu makosa? Sisi walimu wa Kiswahili tumo ndani ya maswali hayo, tupende tusipende.

Jina la mashine yenyewe bado halijatulia. Kenya tunafundisha tarakilishi, wenzetu wa Tanzania wameandika ngamizi katika baadhi ya vitabu vyao, na sokoni kila mtu husema kompyuta. Nitatumia la sokoni, kwa kuwa ninazungumzia soko.

Mpaka na habari zake

Mpaka huu si wa kale. Hadi mwaka 1902 nchi iliyo mashariki mwa Busia, karibu mpaka Naivasha, ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka huo Waingereza waliihamishia upande wa pili, na Wasamia na Iteso wakajikuta wamegawanywa na mstari ambao hawakuombwa shauri juu yake. Ndugu walibaki kutembeleana, kuoana na kuuziana ng'ombe. Reli nayo ilipita Malaba na Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931. Pamoja na reli walikuja makarani, wapiga makasha na askari, na lugha iliyowaunganisha watu hao wa makabila mbalimbali ilikuwa Kiswahili.

Mahali penye mpaka, habari ni mali. Bei ya upande huu si bei ya upande ule, na aliyetangulia kujua ndiye aliyetangulia kupata. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1960 vijana wa Busia walianza kuwabeba abiria kwa baiskeli kuvuka eneo lililo kati ya vituo viwili vya mpakani, wakiita wateja kwa jina la mpaka wenyewe: boda, boda! Neno hilo leo limeenea Afrika Mashariki nzima na kuingia katika kamusi zetu. Lakini mwenye baiskeli hakubeba abiria tu. Alibeba pia salamu, barua, na habari ya bei ya sukari na sabuni.

Thamani ya habari hizo ilionekana waziwazi katika miaka ya 1976 na 1977. Jalidi ilikuwa imeiunguza mikahawa ya Brazil mwezi Julai 1975, na bei ya kahawa ikapanda duniani kote. Mkulima wa Uganda, aliyekuwa akilipwa fedha kidogo na kwa kuchelewa, aliivusha kahawa yake kwa magendo. Soko la Chepkube, katika mitelemko ya Mlima Elgon upande wa Kenya, likapata sifa kubwa. Katika soko la namna ile, mtu aliyejua bei ya asubuhi hiyo alirudi na faida, na aliyeshika bei ya juzi alirudi na majuto. Hata hivyo, hakuna aliyeiuza habari peke yake. Ilikwenda pamoja na gunia, ikalipwa ndani ya bei ya gunia.

Zama za stensili

Maarifa ya shuleni yalikuwa na njia yake. Mwaka 1948 serikali za kikoloni ziliunda Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyochapisha vitabu kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za wenyeji. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki kujitafutia vitabu na mitihani yake. Upande wa Uganda mambo yalikuwa magumu zaidi, kwani uchumi ulikuwa umeanguka na vitabu vipya vilikuwa adimu.

Kwa somo letu kulikuwa na tatizo la zamani zaidi. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kiendelezwe nchini Uganda, alipingwa vikali, hasa na Buganda na wamisheni. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini kwa raia wengi lugha hiyo ilikuwa imekwisha kutiwa doa na midomo ya wanajeshi walioitumia kuamrisha. La kushangaza ni kwamba kamati ile ya kusanifisha Kiswahili, iliyoanza mwaka 1930, ilikuwa na makao yake Makerere tangu mwaka 1952 hadi 1962. Kwa miaka kumi lugha ilisanifishwa katika kilima cha Kampala, huku watoto wengi wa Tororo wakimaliza shule bila kufunzwa sentensi yake moja.

Pengo la vitabu lilizibwa na mwalimu mwenye kalamu. Nilikuwa mwanafunzi katika miaka ya 1990, na nadhani wasomaji wa rika langu watakumbuka harufu ya wino wa mashine ya kurudufu. Utepe wa taipureta uliondolewa ili herufi zitoboe karatasi ya nta. Kosa lilifunikwa kwa dawa nyekundu yenye harufu kali, likasubiriwa likauke, kisha herufi sahihi ikagongwa juu yake. Stensili ikavishwa kwenye mtungi wa mashine, na mmoja wetu akazungusha mkono. Karatasi zilitoka zimelowa wino, zikatandazwa juu ya madawati. Baada ya nakala mia kadhaa stensili ililegea, herufi zikaanza kuwa na ndevu.

Katika utaratibu huo mna mambo mawili yanayostahili kukumbukwa. La kwanza, wazazi walilipia karatasi na wino, hawakulipia maarifa. Mwalimu alihesabiwa kuwa amekwisha kulipwa na mshahara wake. La pili, mashine ilikaa ofisini kwa mkuu wa shule. Hakuna ukurasa uliotoka bila mkuu kujua nani ameuandika. Ikiwa mlikuwa na kosa, mwenye kosa alikuwa hatua ishirini kutoka darasani, na angeweza kuulizwa kabla ya kengele ya saa nne.

Mashine yahamia nyumbani

Mapinduzi yaliyobadili hali hiyo yalianzia mbali. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta ndogo iliyoweza kukaa juu ya meza ya mtu binafsi. Mwaka 1985 ilitoka programu ya PageMaker, pamoja na printa ya Apple iliyotumia mwali wa leza, na mtu mmoja chumbani mwake akaweza kupanga kurasa ambazo zamani zilihitaji kiwanda cha chapa.

Wakati huohuo lilizuka jaribio ambalo kila mwuza maarifa angefaa kulijua. Mwaka 1982 Andrew Fluegelman wa California aliandika programu ya mawasiliano iliyoitwa PC-Talk. Badala ya kuwazuia watu kuinakili, aliwaruhusu waigawe bure, akaomba kwamba yeyote atakayeiona ina manufaa ampelekee dola 25. Mwaka huohuo Jim Knopf, mfanyakazi wa IBM, alifanya vivyo hivyo kwa programu yake ya kuhifadhi kumbukumbu, PC-File. Fedha zikaja kwa posta, na kazi ya jioni ya Knopf ikageuka kampuni. Watu hao walikuwa wametambua mapema kwamba kitu kinachonakilika bila gharama hakiwezi kulindwa kwa kufuli. Kinalindwa na uhusiano uliopo kati ya mtengenezaji na mtumiaji, kwa kuwa mtumiaji anajua pa kumpata, na anajua kwamba kosa likitokea kuna wa kulisahihisha.

Kwetu mpakani kompyuta haikuanzia nyumbani. Kwanza ilikaa katika vibanda vya kupiga chapa na kutoa fotokopi, vilivyochipuka Busia, Malaba na Tororo karibu na ofisi za serikali. Umeme wa Jinja ulikuwa ukipita Tororo kwenda Kenya tangu miaka ya 1950, lakini nyumba nyingi zilizokuwa chini ya nyaya hizo ziliendelea kuwasha koroboi. Kwa hiyo mwalimu alipeleka maandishi yake ya mkono kibandani. Mpiga chapa, ambaye mara nyingi alikuwa msichana aliyesomea uhazili, ndiye aliyekuwa mhariri wetu wa kwanza. Alitenganisha maneno tuliyoyaunganisha, na pengine akayaunganisha tuliyoyatenganisha. Jina lake halikuandikwa popote.

Mwaka 2009 nilinunua kompyuta kuukuu, nikaiweka kwenye meza ya kulia chakula. Wakati wenyewe ulikuwa mzuri. Mwaka huo nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa. M-Pesa ilikuwa imeanza Kenya mwaka 2007, na huduma ya fedha kwa simu ya MTN ilianza Uganda mwaka huohuo wa 2009. Kwa mara ya kwanza mtu aliyekaa Busia aliweza kuandika usiku, kuchapa asubuhi, na kulipwa mchana bila kumwona mnunuzi.

Kijitabu changu cha kwanza kilikuwa cha sarufi, kurasa arobaini. Nilikiandika kwa miezi minne, baada ya kusahihisha madaftari. Nilichapa nakala moja safi, nikaipeleka kwenye fotokopi, nikaibana kwa pini za stepla, nikaweka jalada la karatasi ya rangi. Niliviacha vijitabu katika duka moja la vifaa vya shule, na vingine niliwapa walimu wenzangu waviuze Tororo. Nilipofanya hesabu mwisho wa muhula niligundua kwamba katika kila shilingi kumi nilizopokea, sita ziliishia kwa mwenye fotokopi na moja kwa mwenye duka. Sikusikitika. Zile tatu zilizobaki zilikuwa malipo ya kwanza maishani mwangu kwa kitu nilichokijua, mbali na mshahara.

Kosa lililovuka mpaka

Mwaka uliofuata nilialikwa kusaidia kuandaa wanafunzi wa shule moja katika wilaya ya Tororo kwa mashindano ya insha. Msichana mmoja aliandika vizuri sana, isipokuwa mahali pamoja: "magonjwa hizi zimeenea." Nilimsahihisha. Alinitazama kwa adabu, akasema, "Mwalimu, samahani, lakini ndivyo notsi zinavyosema." Akatoa daftari. Ndani yake alikuwa amenakili kwa mwandiko mzuri jedwali la ngeli.

Nililitambua jedwali lile kama mzazi anavyomtambua mtoto wake. Mifano ilikuwa yangu, mpangilio ulikuwa wangu, hata mstari mnene chini ya vichwa ulikuwa wangu. Usiku ule nilipokuwa nikiongeza safu katika kompyuta, neno "ugonjwa" lilikuwa limeteleza kutoka ngeli ya U-YA hadi ngeli ya U-ZI, chini ya "ukuta" na "uzi", nami sikuona. Kijitabu kilikuwa kimevuka mpaka, kikaandikwa upya na mtu mwingine aliyekitia jalada lake na kuondoa jina langu. Kwa hiyo msichana yule hakuwa na njia ya kujua kwamba aliyesimama mbele yake ndiye aliyemkosesha.

Jambo la kwanza lililonichoma lilikuwa wizi. Nikiwa ndani ya gari narudi Busia, nikaanza kuona kwamba wizi ulikuwa nusu tu ya jambo. Mwizi alikuwa amenivua jina, na kwa kunivua jina alikuwa amenivua pia wajibu. Je, ningeweza kumlaumu kwa kosa nililolifanya mimi? Na je, wale wote walionunua nakala zake wangempata wapi wa kuwasahihishia? Zama za stensili kosa lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na ofisi. Sasa kosa lilikuwa linasafiri peke yake, bila baba, likizaana kwa bei ya fotokopi.

Tena, kwa kuwa historia haina budi kuandikwa kwa haki, nakiri kwamba mikono yangu mwenyewe haikuwa safi. Mwongozo wa fasihi nilioutunga baadaye ulikuwa umechukua aya ndefu za riwaya iliyokuwa ikitahiniwa, bila idhini ya mwandishi wala ya mchapishaji. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ni ya mwaka 2001, na ile ya Uganda ni ya mwaka 2006. Zote mbili humlinda mwandishi tangu anapoliandika andiko lake, hata kama hajalisajili. Ziliponilinda mimi, zilimlinda na mwandishi yule pia. Niliuondoa mwongozo ule dukani.

Habari inayooza na habari inayodumu

Wakati sisi walimu tukihangaika na vijitabu, wenzetu wa sokoni walikuwa wamefungua njia nyingine. Nchini Uganda mradi wa FOODNET ulianza mwaka 1999 kukusanya bei za mazao na kuzitangaza redioni. Kenya, shirika la KACE, lililoanzishwa mwaka 1997, lilifungua vituo vya habari za soko katika miji ya mashambani kama Bungoma, kisha likazituma bei kwa ujumbe wa simu. Mwaka 2009 Google, MTN na Grameen Foundation walizindua Uganda huduma ya maswali kwa ujumbe mfupi, mtu akaweza kuuliza juu ya kilimo au afya na kujibiwa. Mwaka 2010 wasichana watatu wataalamu wa kompyuta jijini Nairobi walianzisha M-Farm, iliyomwezesha mkulima kupata bei kwa simu yake. Baraza la Nafaka la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 2006, limekuwa likitangaza bei za masoko ya kanda kupitia mtandao wake wa RATIN, na soko la Busia limo. Baadaye ikaja huduma iitwayo Sauti, iliyowapelekea wafanyabiashara wadogo wa mipakani bei, viwango vya kubadilisha fedha na maelezo ya ushuru.

Maelezo hayo ya ushuru si jambo dogo. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mtu anayevusha bidhaa za nchi wanachama zilizo katika orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupewa cheti rahisi palepale mpakani na hatozwi ushuru wa forodha. Mama mwenye magunia mawili ya maharagwe asiyelijua jambo hili hulipa kitu kidogo njiani, au huzungukia njia za panya na kuhatarisha mali yake. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Busia mwezi Februari 2018 kilifupisha foleni, lakini foleni fupi haimsaidii asiyejua haki yake.

Nilipozilinganisha bidhaa hizi mbili, bei za soko na notsi zetu, niliona tofauti iliyonifunza mengi. Habari ya bei ni kama samaki mbichi wa Majanji: ina thamani kubwa alfajiri, na kesho yake hakuna anayeitaka. Mtu akiinakili hamdhuru sana mwenyewe, kwani atakapomaliza kunakili, imekwisha kuoza. Kwa hiyo mnunuzi hurudi kila siku kwa yule anayemwamini kuwa amefika sokoni kweli. Notsi za ngeli ni kama dagaa mkavu. Hukaa muda mrefu, husafiri mbali, na kila anayezipokea anaweza kuzigawa tena. Ndiyo maana huibwa kwa urahisi, na ndiyo maana kosa lililomo hudumu.

Hata dagaa mkavu ana siku zake. Vitabu teule vinapobadilishwa, miongozo yake hufa. "Kidagaa Kimemwozea" ya Ken Walibora ilipoondoka katika mtihani wa sekondari wa Kenya na "Chozi la Heri" ya Assumpta Matei kuingia mwaka 2018, mitaji ya watunga miongozo wengi ilizama kwa siku moja. Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Marundo ya maswali yake ya marudio yaliishia kufungia mandazi. Aliyekuwa anauza karatasi alipoteza kila kitu. Aliyekuwa amejenga jina aliandika upya, na wateja wake wakamfuata.

Miaka ya milango iliyofungwa

Jaribio kubwa lilikuja mwezi Machi 2020, shule zilipofungwa pande zote mbili kwa sababu ya korona. Kenya wanafunzi wote walirudi Januari 2021. Uganda, baada ya kufunguliwa kwa baadhi ya madarasa na kufungwa tena, shule zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Ni kipindi kirefu kupita nchi yoyote duniani.

Walimu wengi wa shule za kibinafsi walikosa mishahara. Wenye kompyuta walikaa wakaandika, wasio nazo waliandika kwa simu. Maelezo ya masomo yakauzwa katika vikundi vya WhatsApp, kwa wiki au kwa mwezi, na malipo yakaja kwa simu. Upande wa Uganda mtu alikuwa akilipa kodi ya shilingi 200 kwa siku ili atumie mitandao hiyo, kodi iliyowekwa Julai 2018. Julai 2021 iliondolewa, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti.

Niliyaona mema na mabaya ya kipindi kile. Mwalimu mwenzangu wa Tororo aliilisha familia yake kwa maswali ya Kiswahili aliyoyatunga kila Jumapili, naye aliyasahihisha majibu mwenyewe, mtoto mmoja baada ya mwingine. Wateja wake hawakuondoka, ingawa maswali yenyewe yalikuwa yakipatikana bure siku ya pili katika vikundi vingine. Walikuwa wanamlipa kwa masahihisho. Upande wa pili, niliona mafaili ya kurasa mia yaliyookotwa huku na huku, yasiyo na jina wala tarehe, yakiuzwa kwa wazazi waliokuwa na hofu. Na kulikuwa na watoto wengi ambao nyumbani kwao hamkuwa na simu ya aina hiyo wala umeme. Kwao, biashara hii yote haikuwapo.

Wajibu wetu leo

Nimeyaeleza haya kwa sababu soko la maarifa ya Kiswahili mpakani linapanuka. Mtaala mpya wa sekondari ya chini wa Uganda, ulioanza mwaka 2020, ulikiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika madarasa mawili ya kwanza. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la nchi hiyo liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Walimu hawatoshi, vitabu havitoshi, na njaa hiyo itashibishwa na yeyote mwenye kompyuta. Ikiwa sisi tunaoijua lugha tutaona haya kuuza, watauza wasioijua.

Kwa hiyo natoa mapendekezo machache kwa wenzangu. Kwanza, kila andiko linalotoka nyumbani kwetu liwe na jina la mwandishi, tarehe, namba ya toleo na namna ya kumpata. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na maarifa ndiyo mali inayopotea upesi kuliko zote. Pili, tuwe na walimu wawili wa kusoma kila kijitabu kabla hakijauzwa, mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule, kwa kuwa kosa letu litavuka hata tusipovuka sisi. Tatu, masahihisho yagawiwe bure kwa kila aliyenunua. Nne, tusichukue kurasa za waandishi wengine kisha tukalia tunapochukuliwa zetu. Tano, kila darasa lisilo na simu lipate nakala ya karatasi, hata kama faida itapungua. Kizuri chajiuza, ni kweli, lakini kizuri cha mwalimu kina deni pia kwa asiyeweza kununua.

Mimi nililipa deni langu kwa namna niliyoiweza. Nilichapa ukurasa mmoja wa masahihisho, nikaupeleka kwa kila duka na kila shule niliyoijua, pande zote mbili. Sijui ulifika wapi. Mwaka jana, katika kikao cha walimu mjini Malaba, kijana mmoja alinionyesha simu yake, akiniomba nimpe maoni juu ya notsi alizozinunua mtandaoni. Jedwali la ngeli lilikuwa humo, limechapwa upya kwa herufi nzuri kuliko zangu. Nilitafuta neno "ugonjwa". Lilikuwa bado chini ya "uzi". Tukakaa kwenye benchi, nikamwonyesha, naye akalisahihisha palepale, kisha akaniuliza aandike jina la nani.